Mazishi Mawili ya Baroni Tak

Kijijini kwetu Solgol hatukumwita Baroni. Tulimwita "yule." Yule kajenga nyumba ya ghorofa. Yule kafuga sharubu za Kijapani. Hata watoto walijua yule ni nani, na mbwa wa mzee Gil alikuwa akibweka ukitamka jina lake lote, Tak Mun-ho, ingawa nadhani mzee Gil alimfundisha.

Mimi ni Mama Deoksu. Niliolewa Solgol nikiwa msichana, nyumba yetu ikapakana kwa ua mmoja na ya Bibi Maeng, mama mzazi wa yule. Kwa hiyo ninayoyasema sikuyasikia sokoni.

Tak Mun-ho alikuwa na akili, hilo hatumnyimi. Alisoma mpaka vitabu vikamchoka, akafaulu mitihani ya serikali, akapanda vyeo Seoul kama mlevi apandavyo ngazi, yaani kwa kushika kila kilicho karibu. Walipokuja Warusi alijifunza Kirusi. Walipoondoka Warusi alikisahau kwa wiki moja akajifunza Kijapani. Siku mkataba wa kuikabidhi nchi kwa Wajapani ulipowekwa mezani, mawaziri wengine walilia, mwingine alijifanya ana tumbo la kuhara akajifungia chooni. Tak Mun-ho aliomba uletwe wino mwingine. Uliokuwepo ulikuwa mwepesi, na yeye, alisema, hapendi kazi ya ovyo.

Wajapani wakampa ubaroni, nishani ya kubandika kifuani, na fedha ambazo hakuna aliyethubutu kumuuliza ni kiasi gani.

Habari zilipotufikia Bibi Maeng alikuwa anapepeta mtama. Hakulia. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukabaki mtupu, kisha akaendelea kupepeta ungo mtupu. Nilimshika mkono.

"Bibi, basi."

"Mama Deoksu," akaniambia, "mtoto akifa, mama hufanya nini?"

"Humlilia, bibi."

"Na asipokufa?"

Nikamwondolea ungo mikononi.

Tangu siku hiyo mwanawe alikuwa akimletea magunia ya mchele kwa mkokoteni wa ng'ombe, mchele mweupe kama meno ya mtoto. Bibi Maeng aliwamwagia kuku. Kuku wakanenepa hata kutembea wakashindwa, na bibi akakataa kula mayai yao. Yeye alikula mtama na majani ya figili, tena akiwa ameketi kibarazani, mahali ambapo kila mpita njia angeona sahani yake.

Basi yule akakaribia kutimiza miaka sitini. Kwetu, sitini si siku ya kuzaliwa tu. Mtu amemaliza mzunguko mzima wa miaka, watoto wanamsujudia, meza inapangwa matunda na mikate ya mchele mpaka anayesherehekea haonekani. Na mtu akifika sitini mama yake yu hai, hiyo ni bahati ya kuringia. Huvaa koti la mtoto mdogo, lile la mikono ya mistari ya rangi, akacheza ngoma mbele ya mamaye ili mama ajione bado ana kitoto. Mzee wa sitini anaruka kama mtoto wa miaka mitano! Na watu hulia kwa furaha.

Yule alilitaka hilo kuliko nishani. Alikuwa akienda huku na huko akiwahutubia vijana juu ya kuwatii wazazi, na minong'ono ilikuwa imeanza: mbona mama yako mwenyewe anakula majani? Tena mgeni wa heshima siku hiyo angekuwa Bwana Kuroiwa, mkubwa wa Kijapani aliyependa sana mila za Kikorea, hasa kwa vile sasa zilikuwa zake.

Akamtuma msimamizi wake, Bwana Pyo, mtu mfupi mwenye uso wa kuomba radhi. Alifika Solgol kwa riksho, akasujudu kibarazani hadi kofia yake ya singa za farasi ikaviringika uani na kuku mmoja mnene akaikalia.

"Bi Mkubwa," akasema, "Baroni anakuomba. Ni siku moja tu. Utaketi kwenye mto wa hariri, yeye atacheza mbele yako, atakusujudia, utarudi zako."

Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua, nikijifanya naanua nguo. Nilitegemea kusikia ungo ukirushwa.

"Nitakuja," Bibi Maeng akasema.

Pyo hakuamini. "Utakuja, Bi Mkubwa?"

"Si mwanangu? Lakini riksho lako silipandi, nitatapika. Vijana wa kijiji watanisindikiza. Na tutaleta cha kwetu cha kumpa heshima. Mcheza kwao hutunzwa, au vipi?"

"Hasa! Hasa, Bi Mkubwa! Baroni atafurahi mno. Na ni kitu gani hicho, nimwambie?"

"Kina maua," akasema bibi. "Mwambie kina maua mengi."

Pyo akaondoka na furaha yake, na kofia yenye kinyesi cha kuku.

Jioni hiyo bibi alimwita mume wangu. Baba Deoksu ndiye aliyekuwa kiongozi wa wabeba jeneza kijijini, ndiye mshika kengele na mwimbishaji. Sauti yake ilikuwa ya kumfanya hata anayemdai marehemu amsamehe. Bibi alipomweleza anachotaka, alijikuna kisogo.

"Bibi, tutapigwa."

"Mtapigwa," bibi akakubali. "Ndiyo maana naomba, siamuru."

Mume wangu akanitazama. Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa na watoto, nilikuwa na haki ya kusema hapana. Lakini nilikumbuka ule ungo mtupu, nikainamisha kichwa nikasema, "Basi uvae suruali nene."

Seoul ni mwendo wa nusu siku kutoka kwetu. Tuliondoka kabla ya jua, jeneza letu la kijiji, lile la kubebea kila maiti, likiwa vipande vipande ndani ya mkokoteni, limefunikwa mabua ya mpunga. Bibi Maeng aliketi juu ya mabua. Njiani alitafuna karanga na kutueleza jinsi Mun-ho alivyokuwa akijikojolea mpaka alipofikisha miaka tisa.

Nyuma ya ukuta wa nyumba ya Baroni wanaume waliliunganisha jeneza. La kwetu lilikuwa zuri, Mungu ashukuriwe: maua ya karatasi mekundu na meupe, ndege wa mbao kwenye pembe, pazia la buluu. Bibi alivua shali. Chini yake alikuwa amevaa nguo za katani, zile mbichi za msiba, na kamba ya majani kiunoni. Akasuka nywele zake kwa uzi mweupe.

"Twendeni tukamzike," akasema.

Getini walikuwepo askari wawili wa Kijapani. Waliona maua, wakaona ndege wa mbao, wakatabasamu. Bawabu wa Kikorea alikuwa mzee mwenye jicho moja. Alitazama jeneza, akamtazama bibi na katani yake. Nikajua tumekwisha. Mzee yule akageuka, akafungua na bawa la pili la lango ili lisituparuze maua.

Ndani, karamu ilikuwa imekolea. Meza zilijaa mikate ya mchele, mbavu za ng'ombe, mbegu za misonobari zilizotungwa kama shanga. Mbele kabisa aliketi Bwana Kuroiwa, amevaa koti refu jeusi, na ubavuni pake mkalimani, kijana mwembamba anayeitwa Ham. Na katikati ya uwanja, huku vinanda vikilia, alikuwa Baroni Tak Mun-ho mwenyewe, na tumbo lake na sharubu zake, ndani ya koti la mtoto la mistari ya rangi lililokaza makwapani, anaruka kwa mguu mmoja.

Mume wangu akatikisa kengele.

"Ee-ho, ee-ho," wabebaji wakaitikia, wakaingia kwa ile hatua yetu, mbili mbele, moja nyuma, kama wafanyavyo ili kumwonyesha marehemu kwamba hakuna anayeharakisha kumtupa.

Vinanda vikanyamaza kimoja kimoja. Baba Deoksu akaimba:

"Mun-ho, Mun-ho, mbona waondoka na mama yu hai?"

"Ee-ho, ee-ho!"

"Ulikula nini mwana, kikakuua kabla ya wakati?"

"Ee-ho, ee-ho!"

"Ulikula nchi nzima, ikakukwama kooni!"

"Ee-ho, ee-ho!"

Wageni wa Kikorea, mabwana na mabibi wenye hariri, walikuwa kama samaki waliotolewa majini. Mmoja alikuwa na mkate mdomoni, hautafuni wala hautemi. Baroni alibaki ameinua mguu. Bibi Maeng akapita katikati ya meza, akajitupa chini mbele ya jeneza, akapiga ardhi kwa viganja. "Aigo! Aigo! Mwanangu!" Kilio cha kweli, cha tumboni. Mimi niliyekuja nikijua yote hayo nililia. Alikuwa amekiweka kilio hicho tangu siku ya mtama.

"Mama!" Baroni akamkimbilia, mikono ya rangi ikipepea. "Mama, nyamaza, unafanya nini? Mimi hapa! Mimi mzima!"

Bibi akainua uso. "Wewe nani?"

"Mun-ho, mama!"

"Unafanana naye," akasema bibi, akimkagua juu mpaka chini. "Wezi wa siku hizi hawaachi kitu. Wanaiba hata sura."

Bwana Kuroiwa aliinama kwa mkalimani. Tulisikia baadaye walivyosemezana, maana Ham mwenyewe alitusimulia.

"Mama wa Baroni anasema nini?"

Ham alikuwa na mke na mtoto mchanga. Alitazama jeneza, akatazama bastola ya askari aliyesimama nyuma ya Kuroiwa. "Anasema, mheshimiwa, mwanawe amefika mbali sana. Mbali kuliko alivyotegemea."

"Na wimbo?"

"Unamtakia safari njema."

"Na hiki kiti kizuri cha maua?"

"Ni... ni cha kumbebea mtu anayependwa sana na kijiji."

Bwana Kuroiwa akatoa kitambaa akapangusa macho. Akasimama, akapiga makofi. Na kwa kuwa mkubwa wa Kijapani amepiga makofi, mabwana wote wa Kikorea nao wakasimama wakapiga makofi, pamoja na yule mwenye mkate mdomoni. Walimpigia makofi Baroni Tak kwenye mazishi yake, na yeye, kwa mazoea ya miaka mingi ya kumshukuru kila mwenye cheo anayepiga makofi, akainama.

Kuroiwa akamwita mpiga picha. Aliwapanga kwa mkono wake: Baroni mbele ya jeneza, mama kando, wabebaji nyuma. "Karibu zaidi na maua," Ham akatafsiri, kwa sauti iliyokuwa ikikatika. Baroni akasogea karibu na maua. Jasho lilikuwa limeyeyusha rangi ya koti, mstari mwekundu ukimtiririka shingoni.

Picha ile ilitoka gazetini siku chache baadaye, katika gazeti la Wajapani, chini yake maneno mazuri juu ya mila za furaha za Wakorea. Seoul nzima ilinunua. Vinyozi waliibandika kwenye vioo. Wauza samaki walifungia samaki ndani yake, upande wa picha nje. Wanawake waliokutana kisimani waliulizana, "Umeshampelekea yule rambirambi?" Na rambirambi zikaanza kufika kweli: bahasha za pole, kwa mwandiko wa kila namna, zikapitishwa chini ya lango la Baroni, na bawabu mwenye jicho moja akazipokea zote kwa heshima akampelekea bwana wake kwenye sinia.

Mwishowe mtu akamweleza Kuroiwa alichokipigia makofi.

Hapo mzaha uliisha. Mkubwa akifanywa mjinga hutafuta mgongo wa mtu. Bibi Maeng hawakumgusa. Baroni aliwaambia mama ni mzee, akili zimehama. Angesema nini tena? Mtu aliyekuwa akihubiri utii kwa wazazi nchi nzima amfunge mama yake? Lakini wabebaji walikamatwa wote wakapigwa viboko, adhabu ambayo siku zile ilikuwa ya Wakorea peke yao, Mjapani hakuguswa nayo. Wanasema hati ya kukubali wapigwe waliipeleka kwa Baroni, kwa adabu, ili atoe maoni. Hakuomba wino mwingine. Wa mara hii ulimtosha.

Mume wangu alirudi amelazwa kifudifudi kwenye mkokoteni uleule. Suruali nene haikusaidia kitu. Bibi Maeng alikuja na dawa ya majani, akapiga magoti kando yake.

"Nimekuponza, mwanangu."

"Bibi," Baba Deoksu akajibu, uso umezama kwenye mto wa kulalia, "nimebeba maiti maisha yangu yote. Huyu ndiye wa kwanza kunirudishia kipigo."

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiosha matambaa, na maji yalikuwa mekundu. Mume wangu alipona, lakini mguu wa kushoto haukurudi sawa, wala hakushika kengele tena. Ham naye alifukuzwa kazi. Akafungua duka la tambi karibu na Lango la Mashariki, na watu walikuwa wakipanga foleni, si kwa ajili ya tambi.

Bibi Maeng aliishi misimu michache baada ya hapo. Alianguka mwanzoni mwa majira ya baridi, tulipokuwa tumemaliza kutia kabichi chumvi na kufukia figili. Nilikaa naye. Siku ya mwisho alikuwa na akili timamu kuliko mimi.

"Mama Deoksu. Atakuja."

"Ndiyo, bibi."

"Asinililie. Machozi yake atayauza."

"Ni mwanao, bibi. Atadai mwili."

"Basi asijue nilipo."

Tulimzika alfajiri yenye ukungu, mahali alipopachagua mwenyewe. Hatukuinua kichuguu cha udongo kama ilivyo desturi, tulisawazisha na kutandaza majani. Kisha tukamtuma mzee Gil kwenda Seoul kutoa habari, tukijua vizuri kwamba mzee Gil hajawahi kupita kilabu cha pombe bila kuingia kuwajulia hali waliomo.

Kwa hiyo yule alipofika tayari barafu ilikuwa imeshika. Alikuja na askari, na Pyo, na mpiga picha, amevaa katani mpya ya msiba iliyopigwa pasi. Kijiji kilikuwa kimya. Kila mtu aliyeulizwa kaburi lilipo alikuwa kiziwi, au mgeni, au alikuwa amelala siku ya mazishi. Askari wakaanza kukasirika. Mmoja alimshika mume wangu ukosi, akamwinua kutoka kibarazani, na ule mguu wake mbovu ukaning'inia.

Nikatoka jikoni nikipiga kelele. "Mwacheni! Nitaonyesha mimi!"

Baba Deoksu akanitolea macho. Sikumtazama. Niliwatangulia, tukazunguka nyumba, tukapanda kidogo mlimani nyuma ya ua, na kila hatua nilikuwa nikijiuliza ninawapeleka wapi. Ndipo nikaliona. Kichuguu cha udongo, cha mviringo, kizuri, kimefunikwa theluji nyembamba. Shimo letu la figili.

Nikanyoosha kidole.

Labda kwenu hamhifadhi figili hivyo. Sisi huchimba shimo, tukazipanga humo, tukatandika mabua, tukarundika udongo juu ili baridi isiziue. Tunaacha tundu moja lililozibwa kwa mabua, la kupitishia mkono. Mtu wa shamba hawezi kukosea. Lakini yule hakuwa ameshika jembe tangu azaliwe.

Alisimama mbele ya kichuguu. Kisha akaanguka magotini, akasujudu, paji la uso likagusa theluji. Akasujudu tena. Mabega yakaanza kumtikisika, sauti ikamtoka, nyembamba, ya mtoto: "Mama. Mama, mbona hukunisubiri."

Nitasema kweli: moyo wangu uligeuka. Ilikuwa sauti ya mtu. Nilifungua mdomo nimwambie, hata sijui nimwambie nini.

Akainua kichwa, machozi yameganda mashavuni, akamgeukia mpiga picha. "Mwanga unatosha upande huu?"

Nikafunga mdomo.

Wakapiga picha. Walipomaliza, Baroni akaona lile tundu la mabua. Akalielekeza kwa kidole cha glovu. "Hiki ni nini?"

"Desturi, mheshimiwa," nikasema. "Ili marehemu apate hewa."

Pyo, aliyezaliwa kijiji cha pili tu kutoka kwetu, alikohoa. Nilimtazama. Akatazama viatu vyake.

"Ah, ndiyo," akasema Baroni, akitikisa kichwa taratibu kama msomi. "Naikumbuka desturi hiyo. Tangu utotoni naikumbuka."

Kwa hofu kwamba wahuni wangechafua kaburi la mama wa Baroni, akaacha askari mmoja alilinde majira yote ya baridi. Kijana wa watu, jina lake hatukuweza kulitamka, alisimama pale na bunduki akilinda figili zangu dhidi yangu mimi. Hatukula hata moja. Majirani walitugawia zao, kila aliyeleta alizificha chini ya sketi kama mali ya magendo, akauliza kwa sauti ya huzuni, "Marehemu anaendeleaje?" Yule askari aliona huruma kuona watu wa Solgol wakija kwa wingi kufariji. Siku za baridi kali nilimpelekea supu ya moto. Alikuwa mtoto wa mtu.

Theluji ilipoyeyuka, figili zilichipua. Shina likatoka tunduni, majani, halafu maua meupe yenye zambarau kidogo. Baroni akapelekewa habari. Akaja na mtaalamu wa kusoma ardhi, mmoja wa wale wanaojua mlima gani ni joka na mlima gani ni simbamarara. Mtaalamu akazunguka na dira yake, akanusa hewa, akasema hajawahi kuona mahali penye baraka kiasi hiki. Mama, alisema, amekubali kumsamehe mwanawe, na maua ndiyo jibu. Baroni akaweka jiwe kubwa la maandishi, mbele yake akatangaza kwamba siku yake ikifika azikwe papo hapo, miguuni pa mama yake.

Ikafika. Alikufa kitandani, kwa kifua, kama afavyo mtu yeyote, jambo ambalo wengi wetu lilituudhi. Wanawe wakatafuta wabeba jeneza. Walizunguka Solgol nyumba kwa nyumba.

"Mun-ho yupi?" wakaulizwa.

"Baroni Tak Mun-ho."

"Poleni sana, lakini mmechelewa. Huyo tulishamzika, tena picha ilitoka gazetini. Mtu hazikwi mara mbili."

Ilibidi wakodi watu wa mbali, wasiojua wimbo wala hatua, wakampeleka mbiombio kama gunia. Akalazwa miguuni pa figili.

Wajapani walipoondoka nchini, watu walitoka na majembe, na si kwa ajili ya kulima. Makaburi ya wasaliti wa namna ile yalikuwa yakifukuliwa kila upande. Mwana mkubwa wa yule, Jun-ha, mwenyewe sasa ameota mvi, alikuja mapema asubuhi na vibarua wachache kuhamisha mifupa ya baba na ya bibi yake kabla hatujaamua. Nilikuwa mjane tayari. Niliketi kwenye jiwe nikawatazama wakichimba, hakuna aliyenifukuza.

La baba lilikuwa na alichokitafuta. Wakahamia la bibi. Walichimba, wakachimba, wakatoa mabua yaliyooza na uozo mweusi wa mboga. Jun-ha akashuka shimoni mwenyewe na viatu vyake vya ngozi. Alichota kiganja cha ule weusi, akaunusa. Alinusa tena. Akainua uso polepole akanitazama.

"Figili?"

"Figili," nikasema.

Alisimama mle shimoni, maji ya matope yakimpanda viatuni. Nilidhani atalia, au atanitukana. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa shimo, mpaka vibarua wakarudi nyuma, mpaka kicheko kikageuka kikohozi na kikohozi kikamkalisha chini.

"Miaka yote ile," akasema, akihema. "Kila msimu wa mavuno, makaburi yakishakatwa nyasi, alitusujudisha hapa. Na mvua ikinyesha. Mimi na mke wangu na watoto."

"Mlisujudu vizuri," nikamwambia. "Nilikuwa nawaona."

Akajifuta uso kwa mkono uleule wenye weusi. "Na bibi yuko wapi, Mama Deoksu? Niambie mimi. Mimi sikusaini kitu."

Ilikuwa kweli, hakusaini. Alikula tu. Nilimtazama, nikajaribu kuona kama ile sura ilikuwa yake au nayo iliibwa mahali.

"Nimezeeka," nikasema. "Nimesahau."

Alielewa. Hakubishana. Akawaambia vibarua wafukie shimo, wakapakia sanduku la baba yake kwenye mkokoteni, wakalifunika viazi vitamu ili watu wa njiani wasiulize, na ng'ombe akashuka nao kuelekea barabarani. Mimi nilirudi nyumbani nikachukua mundu wangu. Ilikuwa karibu na mavuno, na kuna mahali ambapo nyasi zilihitaji kukatwa.